Rilei kwanza, pampu baadaye

Mhariri,

Ukurasa wenu wa magari umewashauri wenye magari ya michezo ya zamani kwamba gari likigoma kuwaka baada ya kupigwa jua, libadilishwe pampu ya mafuta na, ikishindikana, kompyuta ya injini, ile ambayo mafundi wengi huiita kontroboksi. Ushauri huo utawagharimu wasomaji fedha nyingi bila sababu. Pampu hufa, ni kweli, lakini pampu iliyokufa kwa kawaida haifufuki jioni hewa ikipoa. Gari linalowaka alfajiri kwa stata moja, likaenda vizuri hadi mjini, likaegeshwa juani saa sita, kisha likakataa katakata mpaka vioo vishushwe na upepo upite nusu saa, hilo limekwisha kutaja ugonjwa wake. Kitu cha kwanza kushukiwa ni rilei, kijisanduku cha ukubwa wa kiberiti kilichojificha chini ya dashibodi.

Rilei ni swichi inayobonyezwa na sumaku badala ya kidole. Ndani mna koili ya waya mwembamba. Koili ikipata umeme mdogo tu, kama ampea 0.15 hivi, inageuka sumaku na kuvuta kipande cha chuma kinachokutanisha pointi mbili nene. Umeme mkubwa wa kuendesha pampu, feni au taa, ampea 10, 20 au 30, unapita kwenye pointi hizo bila kupita kwenye swichi ya ufunguo. Ndani ya kijisanduku hicho huzeeka pointi, huzeeka lehemu inayoshika pini, na chini yake huzeeka soketi. Koili yenyewe huungua kwa nadra sana, ingawa ndiyo ambayo fundi asiye makini huipima na kutangaza kwamba rilei ni nzima.

Tuanze na lehemu, maana ndiyo inayodanganya watu. Kila gari linapotembea rilei hupata joto, na likizimwa hupoa. Pini za shaba na ubao uliozishika havitanuki kwa kiwango kimoja, na lehemu iliyo katikati ndiyo inayovutwa huku na huku, juu ya mtikisiko wa barabara. Miaka 30 ikipita, unatokea ufa mwembamba wa duara kuuzunguka mguu wa pini. Rilei ikiwa baridi kingo za ufa zinagusana na gari linawaka. Dashibodi ikipikwa na jua la Mombasa au Dodoma, kingo zinaachana.

Mfano unaofundisha kuliko yote ni Porsche 944, gari la silinda 4 lililotengenezwa kati ya 1982 na 1991. Injini yake inatawaliwa na mfumo wa Motronic wa Bosch, ambao Porsche huuita DME, na rilei ya DME ni rilei mbili zilizofungiwa kasha moja lenye pini 6 zilizopewa namba: 30, 85, 85b, 86, 87 na 87b. Umeme wa betri unaingia kwa 30. Nusu ya kwanza huwashwa na ufunguo na kupeleka umeme kwa 87, ambako kompyuta inakula. Nusu ya pili huamriwa na kompyuta yenyewe kupitia 85b: ikiona injini inazunguka, inaruhusu umeme utoke 87b kwenda kwenye pampu. Kwa hiyo ufa mmoja unaweza kuua pampu peke yake, au kuua kompyuta na pampu pamoja, kutegemea uko kwenye mguu gani. Namba ya kipuri ni 944.615.227, ikifuatwa na tarakimu mbili za toleo. Ugonjwa huohuo uko kwenye 911 Carrera ya lita 3.2 ya 1984 hadi 1989, na wenye magari haya huko Ulaya na Marekani hubeba rilei ya akiba ndani ya gari kama wengine wanavyobeba gurudumu.

Kwenye 944 uchunguzi hauchukui robo saa. Piga stata huku ukitazama mshale wa mizunguko ya injini. Ukitikisika kidogo, kompyuta ina umeme na sensa za kwenye flaiwili zinatuma habari. Shaka inabaki upande wa pampu, yaani 87b, fyuzi yake au pampu yenyewe. Mshale ukilala kabisa, ama kompyuta haipati umeme kutoka 87, ama sensa zimekufa. Kutenganisha hayo mawili, chomoa rilei, unganisha matundu ya 30, 87 na 87b kwa waya wa milimita za mraba 2.5 wenye fyuzi ya ampea 20 upande wa 30, kisha piga stata. Gari likiwaka, mgonjwa ni rilei. Pampu ikinguruma lakini gari lisiwake na mshale ukabaki umelala, nenda kwenye sensa na uiache pampu ya watu.

Daraja hilo la waya ni la kupimia, au la kumfikisha mtu gereji kwa dharura. Si matengenezo. Tunalisema kwa ukali kwa sababu yako magari yanayotembea nalo mwaka mzima. Kompyuta hukata pampu injini inaposimama, ili gari likigongwa na bomba kupasuka petroli isiendelee kumwagwa juu ya bomba la moshi. Ukiwa na daraja, pampu inasukuma mafuta iwe injini inazunguka au imesimama, iwe ufunguo upo au umetolewa. Anayelazimika kulitumia njiani alichomoe kila anaposimama, la sivyo, lisipoleta moto, litaua betri.

Honda za miaka ya 1980 na 1990, yaani Prelude, CR-X na Integra, zina ndugu wa rilei hiyo chini ya dashibodi, nayo pia ni mbili ndani ya kasha moja. Kuichunguza ni rahisi zaidi. Fungua ufunguo bila kupiga stata: taa ya injini kwenye dashibodi inatakiwa iwake sekunde 2 na kuzimika, na sekunde hizohizo pampu isikike nyuma. Taa ikifanya kazi yake na pampu ikawa kimya, nusu ya pampu ndiyo yenye shaka. Taa isipowaka kabisa, kompyuta haina umeme. Rilei inayojifanya nzima mbele ya fundi ipulizie mashine ya kukaushia nywele injini ikiwa inanguruma taratibu. Ikizima gari ndani ya dakika chache, imekiri. Usitumie mashine ya joto kali ya kuchunia rangi. Hiyo itayeyusha kasha na kuua hata rilei nzima.

Pointi nazo hufa kwa njia nyingine. Kila zinapoachana hupiga cheche ndogo, na cheche hula madini ya fedha yaliyopakwa juu yake. Ukinzani unapanda polepole. Hesabu yake inatisha kuliko inavyoonekana: pointi yenye ukinzani wa ohmu 0.1 tu, ikipitisha ampea 10, inapoteza volti 1 na kugeuza wati 10 kuwa joto ndani ya kijisanduku kisicho na tundu la hewa. Plastiki inageuka rangi ya chai, kisha kahawia. Ndiyo maana kuipima pointi kwa mita ikiwa kwenye kipimo cha ohmu hakusaidii: mita inapitisha umeme kidogo mno, na itasoma karibu na sifuri hata kwa pointi iliyochoka. Pima chombo kikiwa kinafanya kazi. Weka mita kwenye volti, ncha moja kwenye 30 na nyingine kwenye 87, rilei ikiwa imevuta na feni au taa ikiwa inawaka. Chini ya volti 0.2 ni salama. Ikipita 0.5, itoe. Kusugua pointi kwa msasa ni kuondoa fedha iliyobaki na kuacha shaba tupu. Itafanya kazi wiki mbili.

Kuhusu soketi, wengi hawaitazami kabisa. Rilei mpya inaingizwa kwenye soketi iliyolegea, na baada ya miezi mitatu duka linalaumiwa kwa kuuza feki. Pini nyingi za rilei za kawaida zina upana wa milimita 6.3 na unene wa 0.8. Chukua pini moja tupu ya kipimo hicho, iingize kwenye kila tundu na kuivuta: inatakiwa ishikwe, isiteleze. Tundu lililolegea, au lenye kutu ya kijani ambayo hewa ya bahari huileta mapema Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam, libadilishwe ncha yake kwa kukata waya na kubana ncha mpya. Kulijaza lehemu ili libane ni kosa, kwa kuwa lehemu ni laini, hubonyea, na joto likizidi huyeyuka.

Sasa suala la kununua, ambapo uharibifu mkubwa hufanyika. Muuzaji wa Kariakoo au Kirinyaga Road atakupa rilei kwa kulinganisha umbo. Umbo halisemi chochote. Kinachosema ni mchoro na namba zilizochapwa ubavuni, ambazo ni utaratibu wa Kijerumani uliosambaa duniani: 30 ni umeme wa betri, 85 na 86 ni ncha za koili, 87 ni njia ya kutokea umeme rilei ikivuta, na 87a ni njia inayopitisha umeme wakati rilei imelala. Pini ya katikati ndiyo mtego. Kwenye rilei moja ni 87a. Kwenye nyingine inayofanana nayo kama pacha ni 87 ya pili, au 87b. Ukiweka yenye 87a mahali pa yenye 87b, chombo kinachosubiri umeme pale katikati kitaupata gari likiwa limezimwa na kuukosa gari likiwaka. Betri inakufa usiku, na fundi anaanza kufukuza alteneta.

Mtego wa pili ni mpangilio. Zipo rilei za pini 4 au 5 ambamo 30 na 86 zimebadilishana nafasi, na zinaingia kwenye soketi ileile bila kulazimishwa. Wa tatu ni daiodi, kijipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu, iliyofungwa sambamba na koili. Ikiwepo, imechorwa kwenye mchoro wa ubavuni, na hapo chanya lazima iende 86. Ukigeuza, daiodi inakuwa njia ya mkato ya umeme, na kinachoungua kwanza ni fyuzi au, vibaya zaidi, transista ya kontroboksi inayoamrisha rilei hiyo. Usikimbilie rilei isiyo na daiodi kukwepa usumbufu huo kama ya asili ilikuwa nayo. Koili inapokatwa hurudisha mshtuko wa mamia ya volti, na daiodi ipo ili kuumeza.

Halafu kuna la kwetu hasa: maduka yetu yamejaa vipuri vya malori, na malori ni ya volti 24. Rilei ya volti 24 inafanana na ya 12 hadi rangi. Kwenye gari dogo haivuti kabisa, au inavuta kwa unyonge asubuhi na kuachia mchana koili ikipata joto. Soma maandishi, na kama yamefutika, pima koili: ya volti 12 huwa kati ya ohmu 50 na 120 hivi, ya 24 hupita 200 na mara nyingi 300. Feki nyingi hujulikana kwa sumaku ndogo ikiguswa kwenye ncha za pini. Shaba haivutwi, bati lililopakwa rangi ya shaba linavutwa. Gusa ncha tu, si kasha, kwa kuwa koili ndani ina chuma chake halali.

Magari ya Kiingereza yenye vifaa vya umeme vya Lucas, kama MGB na Jaguar E-Type, yana herufi badala ya namba: W1 na W2 ni koili, C1 na C2 ni pointi. Porsche 928 ina rilei nyingi zilizoandikwa 53 mgongoni, yaani za aina moja, jambo linalorahisisha uchunguzi, maana unaweza kuhamisha moja kutoka kwenye chombo kinachofanya kazi na kuona kama ugonjwa unahama nayo.

Kubadilisha kwenyewe ni kazi fupi. Hakikisha unayo namba ya siri ya redio kama ipo, fungua hasi ya betri, piga picha sanduku la fyuzi kabla ya kugusa chochote. Vuta rilei wima huku ukiichezesha kidogo. Ukiibana kwa plaisi kofia inatoka na utumbo unabaki. Andika tarehe mgongoni mwa mpya kwa kalamu ya wino usiofutika. Kama rilei inafungwa nje, kwenye eneo la injini, pini zitazame chini ili maji yasikae ndani. Usipandishe fyuzi kwa sababu ile ya zamani inaungua. Fyuzi inalinda waya, na waya haukunenepa.

Je, ibadilishwe au ilehemiwe upya? Kwa 944 na Honda, ambako rilei ya asili ni ghali au inaagizwa kutoka nje, kulehemu ni halali kabisa mradi tatizo ni ufa na si pointi zilizoungua. Fungua vibanio vya chini ya kasha taratibu, safisha ubao kwa spiriti, kisha tazama kila mguu kwa lenzi chini ya mwanga wa kulalia upande. Usiongeze lehemu mpya juu ya kuukuu: nyonya ya zamani yote kwanza. Pini ni nene na zinanyonya joto, hivyo pasi ya kulehemu ya wati 25 inayotosha redio haitoshi hapa. Tumia ya wati 40 hadi 60, na lehemu ya kielektroniki ya 60/40, yaani bati 60 kwa risasi 40, yenye dawa yake ndani. Sekunde 3 au 4 kwa kila mguu. Lehemu ikitandaa na kung'aa, imeshika. Ikibaki duara kama tone la nta, rudia. Dawa ya tindikali ya mafundi bomba isikaribie, itakula shaba baada ya mwezi. Lehemu miguu yote, hata ile isiyo na ufa, kwa sababu imetembea kilomita zilezile. Kasha likionekana limepikwa au pointi ni nyeusi, acha kulehemu, nunua mpya. Zinauzwa pia rilei za kielektroniki zisizo na pointi kwa magari haya, na hazina ubaya.

Magari mengine tatizo lao ni kwamba hayana rilei mahali panapoihitaji. Datsun 240Z inapitisha umeme wote wa taa kubwa kwenye swichi ya usukani, na swichi hiyo ikizeeka huyeyuka. Taa mbili za wati 55 zinakula ampea 8.5 hivi, na taa inayopata volti 11 badala ya 13 hupoteza zaidi ya theluthi ya mwanga wake. Tiba ni rilei mbili za ampea 30, moja ya taa fupi na moja ya taa ndefu, kila moja na fyuzi ya ampea 15 karibu na betri, nyaya za milimita za mraba 2.5 kwa 30 na 87, na 0.75 kwa koili. Nyaya za zamani zilizokuwa zikilisha taa sasa zinaamrisha koili tu, na swichi inapumzika. Lakini kabla ya kukata waya wowote, chomoa soketi ya taa na kupima. Magari mengi ya Kijapani ya zama hizo huwasha taa upande wa hasi: waya wa pamoja ni chanya, na swichi inachagua hasi ipi iungwe. Michoro mingi inayosambaa imechorwa kwa magari ya Ulaya, ambayo huwasha upande wa chanya. Ukiifuata kwenye 240Z utapata taa zisizozimika.

Mwisho tunaomba jambo moja la uchapaji. Mkiitoa barua hii, msomaji wenu wa prufu asiguse herufi ndogo zilizobandikwa kwenye namba. Hizo 87a na 87b si makosa ya chapa, na zikibadilishana mahali gazetini kuna mtu atafunga alichokisoma.

Mafundi umeme wa magari,
Tanga